Nilimlevya Msimamizi kwa Hewa Tupu

Kuna mwanamume nilimlevya saa nne asubuhi, kazini, nikiwa na sare yangu ya unesi.

Sikutumia pombe. Sikutumia sindano wala kidonge. Nilitumia hewa, hii hii unayoivuta hapo ulipo ukisoma.

Alilewa mpaka akawa anacheka kama mtoto anayetekenywa. Na alipokolea, nikamuuliza swali nililokuwa nimelikalia kwa miaka minne.

Jibu nililipata. Tangu siku hiyo sijalala tena nyumbani kwangu.

Ngoja niwapangie vizuri, maana nikianzia katikati mtapotea.

Kaka yangu alikuwa mpiga mbizi. Sio wa kuongozana na wageni kupiga picha samaki. Mpiga mbizi wa kazi. Alikuwa anashuka kukaza bolti za mabomba yaliyolazwa chini ya bahari, kuchomelea nguzo za gati, kukata kamba zilizojisokota kwenye mapanga yanayozunguka chini ya meli. Wenzake walimwita Pezi.

Mtu wa utani sana. Ukimuuliza kama haogopi papa, anakujibu kwamba papa naye ana familia, hana muda na wewe.

Kilichomtisha kaka kule chini kilikuwa hewa.

Alinieleza siku moja tukiwa mezani tunakula. Wakati ule nilikuwa nesi wa wodi ya kawaida, nikidhani najua mwili wa binadamu. Akaniambia, mdogo wangu, kila mita kumi unazoshuka, maji yanakuongezea uzito sawa na wa hewa yote iliyo juu ya kichwa chako. Ukifika mita arobaini umebanwa mara tano ya hapa tulipo. Masikio yanauma, hewa inakuwa nzito kifuani, lakini hayo mtu unayazoea.

Usichoweza kukizoea ni naitrojeni. Ipo kwenye hewa tunayovuta, hapa juu haina habari na mtu. Kule chini inabanwa mpaka inayeyuka ndani ya damu, ndani ya mafuta ya mwili, ndani ya mishipa ya fahamu. Inaingia kimya kimya. Kadiri unavyokaa, ndivyo inavyojaa.

Ukipanda polepole, inatoka kwa pumzi, wala hujui kama ilikuwepo. Ukipanda haraka, inachemka humo humo ndani. Viputo. Kiputo kikikaa kwenye goti utalia. Kikikaa kwenye uti wa mgongo hulii, kwa sababu kuanzia hapo kwenda chini hakuna tena kinachouma.

Ndiyo maana mpiga mbizi hapandi moja kwa moja. Ana vituo. Mita tisa anasimama, mita sita anasimama, mita tatu anasimama tena, ananing'inia pale kwenye kamba dakika nyingi kama nguo iliyosahaulika, anausubiri mwili ujisafishe.

Siku ile kaka hakusimama popote.

Alikuwa amekaa mita arobaini na mbili kwa zaidi ya nusu saa. Bahari ikachafuka, boti ikaanza kuyumba. Akavutwa kutoka chini mpaka juu kwa mkupuo mmoja.

Juu ya boti alisimama kwa miguu yake, akavua ile kofia nzito ya kuzamia, akaomba maji ya kunywa. Baada ya dakika kumi akasema miguu imejaa sisimizi. Baada ya nusu saa hakukuwa tena na sisimizi wala miguu.

Ilichukua saa sita kumfikisha hospitali yenye chemba.

Na chemba ninayosema sio ile ya maji machafu nyuma ya nyumba. Hii ni tangi la chuma lililolazwa, mtu anaweza kusimama ndani akiinama, lina kitanda, benchi, kidirisha cha duara chenye kioo kinene, na mlango unaobanwa na presha yenyewe. Mgonjwa anaingizwa, hewa inasukumwa, mwili unadanganywa kwamba umerudi chini baharini. Vile viputo vinasinyaa. Halafu anapandishwa upya, safari hii kwa adabu, kwa saa nyingi, akivuta oksijeni.

Kwa kaka tulikuwa tumechelewa. Nilimwangalia kupitia kile kidirisha, akajaribu kunitania, nikaona midomo inacheza lakini sikusikia kitu. Alitoka na mikono mizima na kifua kizima. Kutoka kitovuni kwenda chini, basi.

Kama hiyo haikutosha, likaja daftari.

Kwenye kazi ile kila anayeshuka anaandikwa: saa aliyoingia, kina alichofika, alivyopanda. Msimamizi wa boti alikuwa jamaa mmoja mnene mwenye sauti ndogo. Walimwita Nanga, kwa sababu akishakaa haondoki. Nanga aliandika kwamba mpiga mbizi aliingiwa na hofu akapanda mwenyewe bila amri. Kwa lugha nyepesi, Pezi ni mwoga na amejilemaza mwenyewe.

Bodi ya uchunguzi ilimfuata kaka kitandani. Akasema hakumbuki kitu. Daktari akatuambia ni kawaida, mshtuko hufuta kumbukumbu.

Ikabaki hivyo. Waliokuwa wanamwita Pezi wakaacha kuja.

Mmoja tu hakuacha. Yule aliyekuwa ameshika kamba yake siku ile.

Kila mpiga mbizi ana mtu wake juu ya boti, anayeshika kamba na mpira wa kupitishia hewa, na kuzungumza naye kwa simu iliyo ndani ya kofia. Huyo wa kaka alikuwa mwanamume mpole, mtu wa kuangalia chini akiongea. Siku ya tatu alikuja wodini na matunda, akaomba tuzungumze kwenye korido.

Akaninong'oneza kwamba daftari linadanganya. Nanga ndiye aliyeamuru kaka avutwe moja kwa moja, kwa sababu aliihofia boti yake kuliko mtu wake. Yeye alijaribu kupinga, akafokewa. Akavuta. Halafu akalazimishwa kusaini.

Nilimuuliza kama atayasema hayo mbele ya bodi. Akalia. Akasema hakuna boti itakayompokea tena.

Sikumlaumu. Nilimwona ni mtu aliyethubutu kuniambia ukweli wakati wenzake wote wamekausha. Akaendelea kuja. Akajifunza kumgeuza kaka kitandani asipate vidonda. Mwaka haukuisha, akawa mume wangu.

Tukaishi watatu nyumba moja. Kila asubuhi mume wangu alikuwa anamnyanyua kaka, anamwogesha, anambadilishia mfuko wa mkojo, anamvalisha soksi. Kaka naye hakuona haya kumtuma. Shemeji, hebu nikune mguu. Mguu wenyewe hausikii kitu. Mume wangu anapiga goti, anakuna. Mimi nikiwaona nilikuwa nasema moyoni, hawa watu wanapendana.

Mimi na Nanga yetu ilikuwa nyingine.

Nilimchukia yule mtu kwa nidhamu. Sikumtukana, sikumfuata kwake. Nilikwenda kusoma. Hospitali ilikuwa inatafuta nesi wa kuendesha chemba, nikajitokeza wa kwanza. Nikajifunza geji na vali, majedwali ya kupandishia watu, masharti ya oksijeni. Mume wangu naye aliacha boti, akaja kuwa mhudumu wa ndani, yule anayefungiwa na mgonjwa kumwangalia.

Walimu walinisifu kwa bidii yangu. Hawakujua ninachokisubiri.

Wapiga mbizi wote wa ukanda ule, wakiumia, wanaletwa kwenye chemba ile ile. Nilijua iko siku ataletwa. Wasimamizi nao hushuka wakikosa watu, na mwili wa mtu mzima mnene haupendi michezo ya kina.

Ilichukua miaka minne.

Alikuja Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi, anatembea mwenyewe, ameshika bega la kulia. Watu wake wawili walikuwa wanaumwa, akashuka yeye kumalizia kazi, akapanda kwa pupa. Bega linawaka na vidole vimekufa ganzi.

Hakunijua. Hatukuwahi kukutana uso kwa uso. Mimi nilimjua kwa picha moja tu, niliyoiangalia mpaka ikachakaa kingo.

Nilimpokea vizuri. Nikamwandikisha, nikampima, nikamuuliza kama amekula. Nikamwita baba.

Daktari akaja, akamkagua, akaamuru ashushwe mita kumi na nane kwa oksijeni, matibabu ya kawaida. Halafu akaitwa chumba cha upasuaji. Akaniachia namba ya simu ya kule.

Mume wangu alipomwona aliyekaa kwenye benchi, rangi ilimtoka. Akanivuta pembeni akasema leo sikio linamsumbua, hawezi kuingia, tumwite mwenzake wa zamu ya mchana.

Nikadhani anaogopa asije akampiga mgonjwa. Nikamshika mkono, nikamwambia aingie tu, mimi niko hapa hapa kwenye kidirisha. Akasita. Nikamwambia mgonjwa anasubiri.

Akaingia. Mlango nikaufunga mimi.

Nikafungulia hewa. Ile sauti ukiisikia mara ya kwanza unadhani tairi la lori limepasuka na halimalizi kupasuka. Ndani kunapata joto ghafla, watu wanajibana pua na kumeza mate kuzibua masikio. Mita tano. Mita kumi. Mita kumi na nane.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama.

Sikusimama.

Kuna jambo moja kuhusu ile naitrojeni sijawaambia. Ikibanwa sana, inalewesha. Kuanzia mita thelathini kichwa kinakuwa chepesi. Mita hamsini ni kama umekunywa glasi kadhaa tumbo likiwa tupu. Mtu anacheka ovyo, anasahau alichoshika, anajibu anachoulizwa. Kaka aliwahi kuniambia kwamba kule chini alishawahi kupoteza dakika nzima akimsalimia kaa.

Chemba yetu inafika hamsini. Lipo jedwali la kufika huko, ni la wagonjwa waliozidiwa, na linataka amri ya daktari. Simu ilikuwa mezani. Sikuigusa.

Mita thelathini. Mume wangu akagonga kioo, akaniuliza kwa mikono naenda wapi. Nikamwonyesha ile ishara ya wapiga mbizi, kila kitu sawa.

Mita hamsini. Nikafunga koki.

Barakoa za oksijeni niliwaambia waziache zilipo, maana oksijeni tupu kwenye kina kile ni sumu, inamtia mtu degedege. Wakabaki wanavuta hewa ya kawaida, iliyobanwa mara sita.

Nikasubiri.

Dakika ya tatu Nanga akajaribu kupiga mluzi, midomo ikakataa. Kwenye presha ile mluzi hautoki. Akaona ni kichekesho kikubwa. Akacheka, sauti imekuwa ya puani kama redio mbovu. Mume wangu akamtazama, naye akaanza kucheka.

Nikabonyeza kitufe cha spika.

"Baba, mimi ni mdogo wake Pezi."

"Pezi," akasema, bado anacheka. "Pezi alikuwa fundi yule."

"Kwa nini uliamuru avutwe bila vituo?"

Akatikisa kichwa kwa furaha kabisa, kama mtu aliyepewa kitendawili chepesi.

"Nani aamuru? Mimi nilikuwa mbele ya boti nahangaika na nanga, inaburuta. Nanga na nanga yake." Hapo akajicheka sana. "Niliporudi, mtu ameshatolewa majini. Muulize huyu."

Akamwelekeza mume wangu.

Nilimgeukia mume wangu. Nilitegemea akasirike, amkane, amrukie.

Alikuwa anacheka. Machozi yanamtoka na anacheka.

"Ni mimi," akasema. "Hakuna aliyesema vuta. Niliona wimbi linakuja, nikaogopa, nikavuta. Hivi." Akainua mikono akaanza kuvuta kamba ambayo haipo, mkono juu ya mkono, haraka haraka, kama anayeteka maji kisimani. "Hivi, hivi, hivi. Ananiambia subiri. Namsikia kabisa anasema subiri."

"Na mimi nikaandika," Nanga akadakia. "Ukweli ukitoka, mimi naulizwa nilikuwa wapi, kwa nini siko kwenye saa yangu kuhesabu muda wake. Nikamwambia wewe saini tu."

Wakachekeana. Wakashikana mabega.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa kwenye koki ya kutolea hewa.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Ile koki haina ugumu wowote, unaizungusha kwa vidole viwili. Ningeizungusha yote, wangerudi juu kabla hawajamaliza kicheko chao. Mwenye kubana pumzi angepasuka mapafu. Asiyebana, damu yake ingetoa povu. Magoti, uti wa mgongo, ubongo, popote kiputo kitakapopenda kukaa. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwa miaka minne, na nilikuwa nimeyaona kwa kaka. Ningesema vali ilikorofisha, nani angebisha.

Nikaizungusha.

Hewa ikapiga kelele ikitoka. Ndani kukatanda ukungu, kwa sababu presha ikishuka ghafla tangi linapoa na unyevu unageuka wingu. Wakaacha kucheka. Geji ikasoma arobaini na nane. Arobaini na sita. Nikaona kiganja cha mume wangu kimetokea kwenye ule ukungu, kimebandikwa kwenye kioo.

Arobaini na nne.

Nikafunga.

Msinipongeze. Sikumwonea mtu huruma. Kilichonizuia ni picha niliyoiona kichwani: wote wawili wako kwenye viti vya magurudumu, watu wanawaletea matunda, na mwanamke fulani mwenye moyo mwema anawaogesha. Mtu akishalemaa, hakuna anayemuuliza tena alifanya nini. Nilikataa kuwapa hiyo nafuu. Nilitaka watoke na miguu yao mizima, watembee wenyewe mpaka mbele ya bodi, na wasimame wakisomewa.

Nikafungua jedwali la mita hamsini, nikawapandisha kama linavyosema. Dakika kwa dakika. Sijawahi kuendesha chemba vizuri kama siku ile.

Ulevi ule una tabia moja, ukipanda unaisha papo hapo. Hauachi hata kichwa kuuma. Kufika mita kumi na nane akili zao zilikuwa zimerudi mahali pake. Nikamwona mume wangu anakumbuka. Ilimchukua kama dakika moja hivi, uso ukibadilika kipande kipande.

Akasogelea spika, akaanza kuniita. Mke wangu. Nisikilize. Nilikuwa naogopa. Nilitaka kukwambia siku nyingi.

Nikapunguza sauti.

Kwa muda wa saa tano zilizobaki alikaa mle ndani, hana pa kwenda, mlango umebanwa kwa uzito ambao hata wanaume kumi wasingeusogeza. Ananiona, namwona. Zamu ya oksijeni ikifika nainua kibao, wanavaa barakoa. Ikiisha nainua kingine, wanavua. Zaidi ya hapo sikumwambia kitu. Nanga alijikunyata kwenye kona ya benchi, hakumtazama mtu.

Daktari alirudi mchana. Akasoma karatasi ya kumbukumbu, akaona hamsini, akaniuliza nani ameamuru. Nikamwambia hakuna, ni mimi, na sababu nikampa. Akairudia ile karatasi. Kisha akaniambia niandike hivyo hivyo bila kupunguza, na nisiguse kinasa sauti.

Chemba yetu ina kinasa sauti, kinarekodi kila neno tangu mlango unapofungwa. Wote wawili walilijua hilo. Lakini mita hamsini, nani anakumbuka.

Saa kumi jioni mlango ulifunguka. Bega la Nanga lilikuwa limepona kabisa. Nikamwelekeza asibebe mzigo mzito kwa wiki mbili. Mume wangu nikampita bila kumtazama, nikaenda kwa kaka.

Njia nzima nilikuwa naharakisha. Miaka minne mtu anaitwa mwoga, na mimi nimembebea jina lake limesafishwa.

Kaka alikuwa sebuleni kwenye kiti chake, karibu na dirisha. Nikapiga magoti mbele yake, nikamsimulia yote bila kuruka. Nilipofika kwa mume wangu nikashindwa, nikalia, nikamwambia hakuna aliyeamuru, kaka, ni huyu, huyu tunayekula naye.

Hakushtuka.

Nikarudia, nikidhani hajanielewa.

"Nimekusikia," akasema. "Ungeniuliza kwanza."

"Nikuulize nini? Si ulisema hukumbuki?"

"Nakumbuka kila kitu. Kwenye simu ya kofia kulikuwa na sauti moja tu. Nilimwambia subiri mara tatu."

Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha niolewe na mtu yule. Kwa nini alikubali alipoletewa habari za posa, kwa nini alimshika mkono siku ya harusi na kumwita ndugu.

Akanijibu taratibu, bila kuficha.

"Ningemtaja wangemfukuza. Angehama. Baada ya mwaka ameshanisahau, ana maisha yake, na mimi niko kitandani. Mimi nilitaka aamke na mimi kila siku. Aninyanyue, ajue uzito wangu. Aishike hii miguu."

"Akukune mahali usiposikia."

"Kila asubuhi." Alikaribia kutabasamu. "Leo umeniharibia."

"Na mimi, kaka? Mimi nilikuwa nini hapo katikati?"

Akaangalia nje.

"Wewe ndiye uliyemfanya abaki."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama fundi anayetaja kifaa kilichomfaa kwenye kazi.

Machozi yakakauka yenyewe. Nikanyanyuka, nikaenda chumbani kutoa begi.

Nilikuwa nakunja nguo mume wangu alipofika. Akasimama mlangoni, anaogopa kuingia nyumbani kwake. Akaanza tena yale yale, nilikuwa naogopa, nilitaka kukwambia. Nikamwambia aje sebuleni. Nikamsimamisha mbele ya kaka.

"Huyu alijua," nikasema. "Tangu siku ya kwanza. Kila ulipomwogesha, alikuwa anajua."

Nilimwona mume wangu akizipitia zile asubuhi zote moja moja. Nilimwona kaka akibaki mikono mitupu, siri yake iko sakafuni. Ningeifungua ile koki yote, isingenipa nilichokiona kwenye zile sura mbili.

Mume wangu akauliza kwa sauti ya chini, nani atamnyanyua kaka kesho.

Nikawaambia wao ndio wanaojuana vizuri, wapange. Nikatoka na begi langu.

Bodi iliisikiliza ile sauti mara mbili. Nanga alinyang'anywa leseni, na alisomewa akiwa amesimama, bega zima, miguu mizima. Mume wangu haruhusiwi tena kumshikia mpiga mbizi yeyote kamba wala kuingia kwenye chemba. Daftari limeandikwa upya kwamba mpiga mbizi alivutwa huku akiomba asubiriwe. Na mimi nilifungiwa kuendesha chemba, kwa kumshusha mgonjwa bila amri. Sibishi, niliyafanya. Nimerudi wodi ya kawaida.

Sasa ni mwezi wa tano tangu nitoke. Mume wangu hakuondoka kwenye ile nyumba. Nilipita mara moja mchana kuchukua vyeti vyangu, nikamkuta anamkata kaka kucha. Hakuna aliyekuwa anaongea. Kaka hamtumi tena kitu, na yule mwingine haangalii chini tena. Sikukaa.

Kila wiki mume wangu ananiandikia ujumbe, anauliza nitarudi lini, muda gani utatosha. Nilimjibu mara moja tu. Nilimwandikia kwamba muda wa kupanda unategemea mtu alikaa chini muda gani, na yeye alikaa miaka minne.

Najua wengi mtaniambia nisamehe. Sijafika huko, na sina haraka ya kufika.

Ninachoweza kuwaachia ni hiki. Ukiwa na kisasi chako, kabla hujakilipa, mwangalie vizuri aliyekuelekeza pa kukipeleka. Mimi nilimchukia mtu niliyeonyeshwa kwa kidole. Nikasoma kwa ajili yake, nikamsubiri, nikamwandalia. Miaka yote minne sikugeuka hata siku moja kuangalia kidole chenyewe ni cha nani.

Kilikuwa kimevaa pete yangu.